Kilindi cha Oleta

Tangu aolewe, Oleta Skaggs aliujua mto Ketchum kwa ncha zake mbili tu. Aliujua pale Daraja la Kinsey, alikomshusha mumewe na wageni wake asubuhi, na aliujua pale Kivuko cha Rader, alikowangoja jioni. Katikati palikuwa na mwendo wa siku nzima wa maji ambao hakuwahi kuuona. Kwa barabara, yeye na pikapu na tela tupu nyuma, ilikuwa ni kuzunguka vilima vya Ozark kidogo, kupita kanisa la Wabaptisti, kupita ghala la mahindi la marehemu Purdom, kushuka mteremko wenye kona mbaya, basi. Kwa mto, ilikuwa safari ya watu wengine.

Kazi iligawanyika hivyo tangu mwanzo bila mtu kukaa kitako kuigawa. Verlin, mumewe, alikuwa mwongoza wavuvi. Alikaa nyuma ya joni, boti ya mbao ndefu na nyembamba, chini bapa kama sinia, iliyokatwa butu mbele na nyuma, akaielekeza kwa kafi moja ambayo haikutoka majini wala kugusa ubavu wa boti. Mbele, kwenye kiti cha turubai, alikaa mgeni: daktari wa meno kutoka Saint Louis, mwanasheria wa Kansas City, na mara moja askofu. Mgeni alilipa na mgeni alivua. Mtu wa nyuma havui. Hiyo ni sheria ya watu wa mto, na Verlin hakuivunja hata siku samaki waliporuka kando yake kama wanaomzomea. Na kwa kuwa joni iliyojaa watu na vyombo haipandi mkondo, lazima awepo wa tatu, wa kulipeleka gari chini. Huyo alikuwa Oleta.

Alikuwa hodari. Pale Rader aliweza kulirudisha tela kinyumenyume hadi majini kwa mara moja, kiwiko nje ya dirisha, na wanaume waliokuwa wakizungumza walinyamaza kutazama. Alikuja na birika la kahawa na beseni la maharage ya kumenya, akakaa kwenye ubao wa nyuma wa pikapu. Kafi ya Verlin haikusikika. Alichokisikia kwanza, kabla joni haijazunguka kona, ni sauti za wageni, na kwa sauti hizo alijua kama siku ilikuwa njema. Kisha mtungo wa samaki uliinuliwa kutoka ubavuni mwa boti, naye akausifu. Alisifu mitungo mingi sana ya watu.

Samaki waliyemfuata wote hao ni besi wa mdomo mdogo. Watu wa Ketchum humwita kahawia, ingawa mbavu zake zina rangi ya shaba kuukuu na jicho lake ni jekundu kama la mtu aliyekesha. Hukaa maji baridi yenye mkondo na mawe, hula kamba wa mtoni, na akinaswa hupigana kuliko umbo lake.

Katika mwaka wa kwanza wa ndoa yao, mgeni mmoja alimtoa kahawia mkubwa kwenye kilindi chini ya jabali, akauliza mahali pale panaitwaje. Hapakuwa na jina. Verlin, ambaye si mtu wa maneno, alitaja jina lililokuwa karibu na ulimi wake siku hizo. Mgeni alikwenda nalo mjini, akarudi na rafiki zake, na kabla miaka haijawa mingi kila mtu aliyevua Ketchum alipajua pale kama kwa Oleta.

Kila mtu ila Oleta. "Mama Skaggs, tumempata pale kwako!" wageni walimpigia kelele kabla hata hawajafunga kamba. "Pale kwako leo pamekaza, hapakutoa kitu." Alicheka nao. Usiku alimuuliza Verlin pakoje.

"Maji," Verlin alisema. "Jabali. Maji tena."

"Mti je?"

"Upo mti."

Kwa vipande hivyo, na kwa vile alivyovichopoa kwa wageni, alijijengea kilindi chake. Kilikuwa cha kijani kibichi hadi chini, na jabali lilikuwa na mistari, na mwerezi ulimea kwenye ufa wake. Hakuwa mtu wa kutaka mengi. Alitaka kukiona, na atupe ndoana humo walau mara moja. Lakini kulikuwa na watoto, kisha wageni, na siku ambayo hapakuwa na wageni ilikuwa Jumapili, na Jumapili ni kanisa. Isitoshe, Verlin hakwenda mtoni kujifurahisha, kama vile mwalimu haendi shuleni siku ya likizo. "Mwakani," alisema, akaendelea kusema.

Halafu wageni wakapungua. Ikaja mitumbwi ya bati ya kukodi, na vijana wakashuka mto kwa makundi wakigongagonga mawe kama watu wanaohama na masufuria. Verlin aliuza joni mbili. Ya tatu, ya misonobari, aliyoiunda kwa mikono yake, aliiegesha bandani. Kiangazi hicho cha mwaka 1971 simu haikulia hata mara moja.

"Sasa huna mgeni wa kusingizia," Oleta alimwambia mezani. "Nikifa hujanipeleka kwangu, kwenye mazishi yangu usije."

"Nitakaaje nyumbani? Watu watasema."

"Kaa mtoni. Si ndiko unakokaa siku zote?"

Verlin alitazama sahani yake. Oleta aliliona hilo, akadhani ni aibu.

Mwezi wa Septemba ulipoanza alishuka kijitoni nyuma ya nyumba, akaiona joni imezama. Ilikuwa imelala chini ya maji safi, mawe yamepangwa ndani yake ili isielee, na samaki wadogo wameshaingia kukaa. Akarudi nyumbani taratibu.

"Boti yako imezama," alisema.

"Najua." Verlin alikuwa ukumbini akitia mafuta gurudumu la kukunjia mshipi. "Mbao zilikauka. Ziache zinywe, zivimbe, nyufa zitaziba."

"Sijauliza habari za mbao. Unakwenda na nani?"

"Yupo mgeni mmoja. Mgumu kidogo. Hajawahi kushika fimbo ya kuvulia."

"Analipa?"

"Hajawahi kulipa chochote. Lakini anapika vizuri."

Oleta aliingia ndani, akasimama mbele ya jiko bila kupika kitu. Kisha alikwenda kutafuta kofia.

Siku yenyewe ukungu ulikuwa bado juu ya maji walipofika Daraja la Kinsey. Oleta alirudisha tela hadi mtoni kwa mara moja, joni ikateleza ikaelea. Aliiegesha pikapu pembeni, akauweka ufunguo juu ya tairi la mbele kama alivyofanya kila mara alipoteremka kusaidia kusukuma, usije ukatumbukia majini. Akasukuma. Kwa mazoea ya miaka akarudi nyuma hatua mbili, na mkono ukaanza kupunga.

"Unamuaga nani?" Verlin aliuliza.

"Ala!" Akakimbia majini, akapanda, joni ikayumba, na daraja likaanza kwenda zake.

Mto uliwageuzia mgongo wa kila kitu alichokijua. Kanisa, ambalo maisha yake yote aliliona kwa mbele, sasa lilikuwa choo, rundo la kuni, na kamba ya nguo ya mke wa mchungaji.

"Kumbe mchungaji anavaa suruali nyekundu za ndani," alisema.

"Tunajua."

"Nani 'tunajua'?"

"Watu wa mto."

Kona iliyofuata iliufuta ulimwengu wa barabara. Vilima vilishuka hadi majini, mialoni juu, mierebi chini. Mdiria alitangulia mbele yao kutoka tawi hadi tawi akilalamika. Maji yalikuwa safi kiasi cha kuwafanya waonekane wanakwenda hewani juu ya mawe. Oleta alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, lakini si kwa ukimya. Alimgeukia mumewe kuhakikisha bado yupo.

"Tazama mbele," Verlin alisema. "Gogo."

"Nini gogo?"

"Tupa pale penye gogo."

Alitupa. Chambo bandia, kamba wa mbao aliyechongwa na kupakwa rangi, kilianguka mbali na gogo.

"Kivuli," Verlin alisema.

Akatupa.

"Tena."

Akatupa.

"Fupi."

"Verlin Skaggs, nimekuendeshea gari miaka yote hii. Niliwahi kukwambia 'gia'?"

"Wageni hupenda kuambiwa."

"Wageni hulala kwao."

Verlin akaiingiza joni kwenye kona iliyofuata. Mara fimbo ikapinda, Oleta akapiga kelele, kisha akaona mshipi umepanda juu ya mti.

"Umenasa mwaloni," Verlin alisema.

"Mkubwa?"

"Wa wastani. Tumrudishe." Akaipeleka joni chini ya tawi kwa kafi ile isiyosikika, akainua mkono, akauchomoa mshipi bila kusimama.

Hadi jua lilipowafikia alikuwa amepata mwaloni, mwerebi, na samaki bapa wa ukubwa wa kiganja aliyetumbukia mwenyewe majini kabla hajasifiwa. Hakujali. Alikuwa akihesabu kona kwa yale aliyoyasikia kwa wageni: jiwe lenye umbo la tandiko limepita, chemchemi inayotoka ubavuni mwa kilima imepita. Kwake kulikuwa karibu.

Ndipo alipoona kwamba Verlin anachelewesha. Alikawia kwenye maji yasiyo na kitu. Alimrudisha mara mbili kwenye jiwe lile lile. Kisha alielekeza joni ufukweni.

"Tule hapa," alisema.

"Saa hizi? Hata njaa haijaamka."

"Pana kivuli kizuri."

"Tutakula kwangu. Nimengoja siku zote hizi nile chakula kwangu, halafu unilishe kichakani?"

Verlin aliondoa joni. Na hapo Oleta alisikia jambo ambalo hakuwahi kulisikia: kafi iligonga ubavu wa boti. Ko. Akageuka. Verlin alikuwa ameishindilia kafi kwenye mawe ya chini, ameisimamisha joni katikati ya mkondo, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Oleta."

"Sema."

"Yale mafuriko ya mwaka juzi yalikuwa makubwa."

"Nayakumbuka. Yalichukua banda la kuku."

"Yalichukua na vingine."

Akaiachia joni, ikazunguka kona.

Jabali lilikuwapo, na mistari yake. Mwerezi ulikuwapo kwenye ufa, mdogo kuliko alivyoufikiri. Chini yake, palipotakiwa kuwa maji ya kijani hadi chini, palikuwa na fungu la kokoto, jeupe, pana kama uwanja wa kanisa, limepanda hadi kiunoni mwa jabali. Mierebi michanga ilikuwa imeshaota juu yake. Ndege mmoja mwenye miguu mirefu alitembea pale ambapo watu wazima walishindwa kuipata sakafu kwa nanga.

Joni iligusa kokoto ikasimama. Oleta alishuka bila kusaidiwa. Alitembea hadi kwenye jabali, akaweka kiganja juu ya mistari. Ilikuwa alama za maji. Ile ya chini kabisa ilikuwa mguuni pake, na kilindi chote kilikuwa chini ya viatu vyake, kimejaa mawe.

Verlin alibaki kando ya boti ameshika kofia.

"Nani anajua?" Oleta aliuliza bila kugeuka.

"Watu wa mto."

"Ndugu yako Dorsey?"

"Dorsey havui huku."

"Sikuuliza anavua wapi."

"Anajua."

Akageuka. "Yule daktari wa meno mwaka jana aliniambia, 'Mama Skaggs, leo tumekula pale kwako, pazuri sana.' Nikajiuliza, hawa watu wamekulaje juu ya kilindi?"

"Nilimwomba asiseme zaidi."

"Mkaketi hapa, mkala, mkakubaliana kunidanganya."

"Hakudanganya. Tulikula." Kisha, kwa kuwa hilo halikumsaidia: "Kila jioni ulikuwa unaniuliza. Nilikuwa nakwambia mwerezi, unafurahi. Ningekwambia kokoto?"

"Ungeniambia kokoto, Verlin. Kokoto ni neno dogo."

Ndege wa miguu mirefu aliruka. Oleta alitafuta hasira yake, akaikuta ipo, lakini ilikuwa ndogo kuliko alivyotarajia, na jua lilikuwa zuri mgongoni. Kokoto zilikuwa safi. Hapakuwa na mbu. Ukweli ni kwamba hakuna mahali pazuri zaidi pa kuwasha moto katika urefu wote wa Ketchum, na aliliona hilo upesi, kwa shingo upande.

"Basi na sisi tule," alisema, akanyoosha mkono kuchukua kikaango.

"Keti," Verlin alisema.

"Nini?"

"Mgeni hapiki."

Alimfungulia kile kiti cha turubai, akakishindilia kwenye kokoto. Akakusanya vijiti vilivyoachwa na maji, akawasha moto kwa kiberiti kimoja, akakaanga nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, akaiweka pembeni, na katika mafuta yake akatia viazi na vitunguu alivyovikata hewani, kisu kikielekea kifuani, bila ubao. Aligeuza vyote kwa kutikisa mkono. Hakuna kilichoanguka. Alipasha mkate wa mahindi juu ya jiwe, na kahawa alipoichemsha aliyatuliza machicha yake kwa tone la maji baridi.

Oleta alitazama haya yote mdomo wazi. Tangu ndoa yao hakuwahi kumwona mtu huyu akichemsha yai.

"Wewe unajua kupika!"

"Ni kazi," Verlin alisema.

"Nilipougua mapafu ulinilisha biskuti za dukani wiki nzima!"

"Nyumbani kuna jiko la gesi. Silijui."

"Silijui, anasema! Limewekwa tangu mtoto wa kwanza." Alionja viazi. Vilikuwa vizuri kuliko vyake, hasa kingo zake. Alikula vyote, akanyoosha sahani kwa zaidi. "Tutazungumza nyumbani," alisema, na Verlin alielewa kwamba la kokoto limesamehewa na la viazi ndiyo kwanza limefunguliwa.

Alipomaliza alitupa majini ganda la mkate lililoungua. Lilielea polepole kwenye maji mafupi, likafika katikati, likashika kasi. Maji yaliyofukuzwa na kokoto kutoka chini ya jabali yalikuwa yamehamia upande wa pili, yamechimba ukingo, yamekula udongo chini ya mti mkubwa wa gome jeupe hadi mizizi ikabaki inaning'inia kama ndevu. Ganda lilikwenda moja kwa moja kwenye mizizi ile. Maji pale yalikuwa ya kijani, kisha meusi. Likazunguka mara moja. Kitu kikalichukua.

Oleta aliweka sahani chini.

"Pale panaitwaje?"

"Hapana jina," Verlin alisema. "Mwaka juzi hapakuwapo."

Alikuwa ameshainuka kwenda kwenye joni. Oleta alichukua fimbo.

"Kaa," alisema. "Ukinipeleka na boti utaanza 'kivuli, kivuli'. Nitatupa nikiwa hapa hapa."

"Ni mbali."

"Kaa, Verlin."

Akakaa, kwenye kiti cha mgeni, kwa kuwa ndicho kilichokuwapo. Oleta aliingia majini hadi vifundoni. Mara ya kwanza kamba wa mbao aliangukia njiani. Mara ya pili akapiga mzizi akarudi na jani. Mara ya tatu Oleta alitupa kwa bega lile lile aliloligeuza kila jioni pale Rader kutazama tela nyuma yake, chambo kikapita chini ya ndevu za mizizi, kikapotea.

Mshipi ulikaza. Oleta alidhani ni mti tena, akavuta kwa hasira. Mti ukaondoka na mshipi.

"Verlin!"

"Namwona."

"Anakwenda!"

"Mwache aende. Inua fimbo. Usi…" Akajizuia. Alikuwa amesimama, mikono inapapasa hewa ikitafuta kafi.

Kahawia alitoka majini mzima, akatingisha kichwa juu, rangi ya shaba ikawaka, akarudi na kishindo. Alikwenda juu ya mkondo, akabadili nia, akaja moja kwa moja kwa Oleta kwa kasi, naye akakunja mshipi huku akirudi kinyumenyume juu ya kokoto bila kutazama nyuma, kofia imeanguka. Samaki akatoka majini tena, chini kidogo ya mara ya kwanza. Kisha akazunguka, akazunguka, na Verlin akaingia majini na viatu vyake, akainama, akamshika mdomo wa chini kwa kidole gumba, akamwinua.

Alikuwa mrefu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole vya Oleta. Walipima hivyo hivyo. Jicho jekundu liliwatazama bila heshima.

"Wageni siku hizi huwaachia," Verlin alisema.

"Wageni wa siku hizi wanakuja na mitumbwi ya bati," Oleta alisema. "Mimi ni mgeni wa zamani. Lete mtungo."

Mchana wote uliobaki alikaa mbele ya joni, na kila kona aliuinua mtungo kidogo kuona kama samaki bado yupo. Hakutupa tena ndoana. Verlin naye hakumwambia gogo wala kivuli. Jua lilikuwa limeinama juu ya vilima walipoanza kuusikia mkondo wa Kivuko cha Rader, na Oleta akajikuta anaongea kwa sauti kubwa, akisimulia upya mruko wa kwanza kwa mtu aliyeuona. Akaisikia sauti yake mwenyewe. Hizi ndizo sauti alizozisikiliza maisha yake yote akiwa upande ule mwingine. Akatazama mbele apate kuona nani amekaa kwenye ubao wa pikapu akisikiliza.

Kivuko kilikuwa kitupu. Palikuwa na alama za tairi zilizokauka kwenye tope, basi.

Joni iligusa ardhi. Wote wawili walikaa.

"Gari liko wapi?" Verlin aliuliza.

"Liko Kinsey."

"Linafanya nini Kinsey?"

"Nani angelileta?"

Verlin alifikiri. "Gari siku zote ni lako."

"Leo mimi mgeni. Umewahi kuona mgeni anaulizwa habari za gari?"

"Mimi ni boti," Verlin alisema, na ilikuwa kweli: miaka yote hiyo alitoka majini akalikuta gari, kama vile mtu anavyoamka akakuta kumekucha. Oleta aliukumbuka ufunguo juu ya tairi, alivyouweka vizuri, akaanza kucheka hadi ikabidi ashike ubavu wa joni. Alicheka mpaka Verlin, aliyekuwa bado anaitafuta hatia ni ya nani, akaanza naye, kwa sauti ndogo ya puani, ambayo wageni hawakuwahi kuisikia.

Waliivuta joni nchi kavu, wakakaa juu ya ubao wake, wakagawana mkate uliobaki. Barabara hiyo haipitiwi ovyo. Walikuwa wameanza kujadili nani atatembea hadi kwa akina Purdom kuomba simu, na magoti ya nani ni mabovu zaidi, walipoisikia pikapu yao wenyewe ikishuka mteremko kwa gia isiyo yake, tela likirukaruka nyuma.

Aliyeshuka ni Dorsey, mdogo wake Verlin, mnene, viatu vya zizini bado miguuni.

"Nimetoka kukamua ng'ombe, napita darajani, naliona gari," alisema. "Ufunguo juu ya tairi, tela linangoja. Nikajiuliza: wamekufa maji, au wamezeeka? Nashukuru Mungu ni uzee."

"Funga mdomo, Dorsey," Verlin alisema.

"Kaka, wewe nakuelewa, ulizaliwa hivyo. Lakini shemeji! Akili yote ya ukoo huu tuliiweka kwako."

"Leo nilikuwa likizo," Oleta alisema. Akainama, akauinua mtungo.

Dorsey alisogea akampima kahawia kwa macho kutoka mkia hadi mdomo, kisha akauliza swali ambalo huulizwa na kila mtu aliyewahi kusimama kivukoni.

"Mmempata wapi?"

Verlin alipata kazi ya ghafla kwenye kamba ya joni. Mahali ni siri ya aliyevua, kutaja au kuficha, na mtu wa nyuma hamsemei mgeni.

"Pale kwangu," Oleta alisema.

Dorsey alimtazama kaka yake, akatazama kokoto za miguuni pake. Ilionekana anachagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Shemeji, watu wanasema pale kwako… yaani tangu yale mafuriko… wanasema pamejaa."

"Watu wanasema mengi. Pamehama kidogo, upande wa pili, chini ya mti wenye gome jeupe. Sasa pana jiko pia." Aliurudisha mtungo majini. "Ukipita mwambie na huyo anayekodisha mitumbwi, wateja wake wasije wakapakosea."

"Chini ya mti," Dorsey alisema polepole, akikariri.

Alimnyooshea ufunguo. Oleta aliutazama, hakuupokea. Alikifungua kiti cha turubai, akakishindilia kwenye mchanga karibu na maji, akaketi, mkate mkononi. Ndugu hao wawili wakatazamana, kisha Verlin akapanda kwenye usukani. Mara ya kwanza tela lilikwenda vichakani. Mara ya pili lilijikunja kama kisu, na Dorsey akalazimika kuruka.

"Kushoto," Oleta alisema.

Verlin alitoa kichwa dirishani. "Nini?"

"Tazama nyuma. Kushoto."

Tela lilinyooka kiasi.

"Fupi," Oleta alisema, akauma mkate. "Tena."